Bipu Nne Chini ya Mnara

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, akasukuma baiskeli yenye matenga ya kuku kutoka Mitundu hadi stesheni ya Itigi, akalala juu ya matenga hayo ndani ya behewa ili kuku wasiibwe, akauza Dar es Salaam na kurudi na mtaji mara mbili, mtu huyo atashangazwa na nini? Nimeona tetea akitaga ndani ya tenga huku treni inakwenda. Nimeona mgambo akininyang'anya majogoo kwa kosa la kufanya biashara, na ruksa ilipoingia, soko likawa huria, nikamwona mgambo yule yule amekuja kuniomba kazi. Nikampa. Akawa ananifungia matenga, tena anafunga vizuri kuliko alivyokuwa akikamata watu.

Kwa hiyo simu za mkononi zilipokuja Shelui, watu walishika vichwa, mimi nikashika pochi.

Zamani ukitaka kupiga simu ulikwenda Singida mjini, ukakaa kwenye benchi kusubiri kuitwa, na ukiitwa unapiga kelele mpaka posta nzima inajua bei ya kuku wako. Halafu kampuni za simu zikaruhusiwa, zikaanza kugombania vilima kama fisi na mfupa. Kampuni moja ikasimamisha mnara kwenye kilima cha mawe hapo juu ya Shelui. Kokoto za msingi wa mnara ule niliuza mimi. Mnara haujaisha kujengwa, mimi tayari nina simu mfukoni, nzito kama jiwe la kusagia, antena imechomoza juu.

Sasa nieleze bipu, maana vijana wa leo wenye vifurushi hawajui tulikotoka. Kupiga simu kulikuwa na bei ya kutisha. Basi mtu alikuwa anapiga, simu ya mwenzake ikiita tu, anakata. Hakuna anayelipa. Mwenzake anaona namba, anajua umemkumbuka. Nchi nzima ilikuwa inabipu. Lakini wengine walibipu kwa kuombaomba, mimi nilibipu kwa biashara. Nilikuwa na mawakala wa kununua kuku vijiji vyote vya Iramba vinavyozunguka Shelui, na mmoja mbali kule Sepuka. Wote niliwapa simu za mkopo, na wote niliwapa sheria. Bipu moja, endelea kununua kama kawaida. Mbili, simama, usinunue hata yai. Tatu, bei imeshuka, waambie wenye kuku. Nne niliiweka kwa ajili ya sikukuu tu, Idi au Krismasi: nunua kila chenye manyoya, chukua mali kauli, yaani mkopo wa maneno, kwa jina langu, lete Shelui leo hii hii.

Na sheria kuu kuliko zote: simu yangu haipokelewi. Wakala akipokea, salio langu linaliwa, kwa hiyo analipa jogoo. Mmoja alipokea kwa bahati mbaya, alikuwa anaitoa mfukoni kidole kikateleza. Nikachukua jogoo. Wenzake wakasikia, adabu ikaingia. Hata mke wangu nilimnunulia simu nikampa sheria yake, bipu moja mgeni mmoja, apike kwa hesabu hiyo. Naendesha biashara ya tarafa nzima, na vocha niliyoweka mwezi jana bado iko kama ilivyotoka dukani. Niambie ni msomi gani aliyefikiria hivyo.

Msomi akaja mwenyewe.

Nilikuwa kibandani kwangu pale barabara kuu, malori ya Nzega yanapita, akaja binti na begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unataka jogoo au tetea?"

"Sitaki kuku, mzee. Nataka kujua simu zako zinakatika mara ngapi kwa siku."

"Zangu hazikatiki. Nazikata mwenyewe."

Akacheka mpaka akaweka begi chini. Alikuwa anasoma chuo kikuu, na utafiti wake ulikuwa juu ya jinsi mnara unavyogawa nafasi kwa watu wanaopiga, nani apate, nani asubiri, na aliyepata anapata kitu cha maana au makelele tu. Kampuni ilikuwa imempa kibali cha kukaa ndani ya uzio wa mnara na vyombo vyake. Amechagua Shelui kwa sababu ya mnada wa ng'ombe. Siku ya mnada, alisema, mnara unaelemewa.

"Unaelemewa vipi? Mnara una miguu minne ya chuma."

"Mzee, mtu anaweza kuwa na vijiti vyote vya mtandao kwenye simu na bado asipate kupiga."

Hapo nikamwona mtoto. Nikatoa simu, nikamwonyesha vijiti. "Dada, vijiti vikijaa, mtandao upo. Vikipungua, unapanda jiwe. Hiyo ndiyo elimu yote. Ukinichukua mimi ukaniweka chini ya mnara wenyewe, nikakosa kupiga, nakupa jogoo."

"Siku ya mnada?"

"Siku unayotaka wewe."

"Kesho, basi."

Kesho yenyewe ilikuwa siku kubwa kwangu kuliko kwake. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipakia kuku kwenye malori ya watu, nikisubiri dereva amalize chai, nikibembeleza utingo. Sasa nilikuwa nanunua gari langu, lori dogo la tani tatu, sisi tunaita kenta, rangi ya bluu, limetumika lakini injini yake inaunguruma kama inasoma dua. Mwenye nalo alikuwa mtu wa Nzega. Tulikubaliana aje nalo siku ya mnada, tukutane kituo cha mafuta saa nane mchana, nimpe fedha, anipe funguo. Alinionya mapema, tena kwa upole, ndiyo maana nilimwamini: "Kuna tajiri wa alizeti mjini Singida naye analitaka. Nakungoja wewe kwanza. Lakini mnada ukianza kuvunjika, mimi sikai." Mtu aliyekuwa na kenta lake Shelui wakati ule alikuwa mtu wa kuitwa kwenye vikao. Bila kenta, ungebaki muuza kuku wa barabarani, uwe na akili kiasi gani.

Asubuhi ya mnada nikavaa koti, fedha zote za kenta zimeshonewa mfuko wa ndani, nikapanda kilima. Saa nane ilikuwa mbali. Nilisema nikamwonyeshe binti, nishinde jogoo wangu ambaye tayari alikuwa wangu, nishuke.

Uzio ule ulikuwa wa seng'enge nene, juu umeviringishwa waya wa miiba. Ndani kuna mnara, kibanda cha mitambo, na jenereta inayonguruma mchana kutwa. Mlinzi alikuwa mtu wa hapa hapa, namfahamu tangu anachunga mbuzi.

"Tajiri, humu haparuhusiwi mgeni. Mwenye kibali ni dada peke yake."

"Kokoto unazokanyaga ni za nani?"

Akafikiri. "Za kwako."

"Basi fungua."

Akafungua, akaangalia chini barabarani kama msimamizi wake haji. "Nikikufungia kwa nje, mtu akipita hatadhani kuna mgeni. Na mimi nikashuke mnadani mara moja, kuna beberu nataka kumwangalia."

"Funga," nikamwambia. "Nenda kamwangalie beberu wako."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu. Akafunga kufuli kubwa, akatia ufunguo mfukoni, akashuka akipiga mluzi. Yeye hakuwa na simu. Mshahara wa ulinzi wa mnara wa simu haukutosha kununua simu.

Binti alikuwa amekaa kwenye kivuli chembamba cha kibanda, kompyuta ya kupakata magotini, simu zake za kupimia zimepangwa kwenye boksi. Nikatoa yangu. Vijiti vyote vimesimama, hata cha ziada kingekuwepo kingesimama. Nikapiga kwa mke wangu. Ikaita. Nikakata.

"Umeona? Leta kalamu uandike."

"Ngoja mnada uchanganye, mzee."

Tukangoja. Kutoka pale juu unaiona Shelui yote kama sahani. Mnada chini, vumbi la ng'ombe, malori yamejipanga, na kituo cha mafuta kwa mbali. Adhuhuri iliposogea watu walikuwa wengi kama siafu. Nikapiga tena, sauti ya mwanamke wa kampuni ikaniambia mtandao una shughuli nyingi, jaribu baadaye. Nikapiga tena. Shughuli nyingi. Nikaangalia vijiti. Vyote vipo.

"Simu imeharibika," nikasema.

"Haijaharibika. Mnara huu una njia chache, mzee, zinahesabika. Kila anayeongea ameshika njia moja. Zikiisha, wewe unakataliwa, hata kama umeukumbatia mnara. Vijiti vinakwambia mnara unakusikia. Havikwambii kama una nafasi yako."

"Watu wote hawa wanaongea? Shelui nani ana fedha ya kuongea hivyo?"

Akanigeuzia kompyuta. Mistari mifupi mifupi, imejaa kama mvua. "Hawaongei. Wanabipu. Simu ikianza kuita tu, njia imeshashikwa. Anayebipu halipi kitu, lakini mwenzake hapiti."

Hilo nililielewa mara moja, nisidanganye. Nikamwambia pale kwenye pampu ya maji ya kijiji kuna kina mama wanaopanga ndoo tupu kwenye foleni tangu alfajiri halafu wanarudi nyumbani kulala. Mwenye kiu kweli akija, anakuta mstari wa ndoo na hakuna mtu.

"Hiyo hiyo," akasema, akaandika.

Akaniuliza swali lake la utafiti. Mtu aliye ndani ya basi anaongea, basi linaingia Shelui, mnara wa nyuma unamwachia huu. Akikosa njia hapa, anakatwa katikati ya neno. Je, mnara uweke akiba ya njia kwa watu wa namna hiyo, na watu wapya wanyimwe zaidi? Nikamjibu bila kufikiri: "Kunyimwa chakula si kama kupokonywa tonge mdomoni. Weka akiba." Akaandika tena, akapigia mstari. Mpaka leo nasema utafiti ule nusu yake ni wangu, na nikikutana na profesa wake nitamwambia.

Basi nikakubali jogoo. Sikuona aibu, jogoo ni jogoo. Nikasimama nishuke nikasubiri gari langu. Ndipo nikakumbuka kufuli.

Mlinzi hakuonekana. Tukaita, jenereta ikameza sauti zetu. Nikajaribu kuizima, imefungwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli lake. Nikasema seng'enge ni nini kwangu mimi, nikavua viatu nikapanda. Tumbo langu lilikuwa limeshaanza kuonyesha mafanikio. Mwiba wa juu ukashika suruali, nikaning'inia pale mguu mmoja ndani, mmoja hewani, binti amenishika kisigino.

"Mzee, shuka, utachanika pabaya!"

"Sukuma!"

"Nisukume nini?"

Nikashuka. Suruali ikabaki na mdomo nyuma. Wakati huo huo nikaona kitu cha bluu kinaingia kituo cha mafuta. Kenta langu.

Mtu hajui kufungwa mpaka aone anachokitaka kwa macho yake, na katikati kuna waya. Nilimwona hata mwenye gari anashuka, anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa, anakiandaa kwa ajili yangu. Nikampigia. Shughuli nyingi. Nikampigia. Shughuli nyingi. Nikampigia, ikaita! Nikaona kabisa anatoa simu mfukoni, anaiangalia, anairudisha mfukoni.

"Hakupokea!" nikasema. "Ameiona, hakupokea!"

"Labda anadhani ni bipu."

"Mimi sijampa sheria yeye."

"Mzee, Shelui nzima inajua unabipu. Hata mimi nimeambiwa siku ya kwanza, gesti, kabla sijapewa ufunguo wa chumba."

Nikawageukia mawakala. Wa karibu ana baiskeli, angefika pale kilimani kwa muda mfupi, akamtafute mlinzi mnadani. Nikampigia. Shughuli nyingi. Mara ikaita, ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia tena. Ikaita, ikakatika. Nikamwacha, nikampigia wa pili, nikamrudia wa kwanza, nikaenda wa tatu, nikapiga na nyumbani kwa mke wangu, wote nikawazungukia tena na tena, hata wa Sepuka ambaye hata angekuwa na mabawa asingefika. Simu inaita, hapokei mtu. Jasho linatiririka, kivuli cha kibanda kimebaki upana wa kiganja. Kila njia niliyofanikiwa kuipata ilikuwa inaishia kwenye simu isiyopokelewa. Nikawatukana kimoyomoyo, halafu nikawatukana kwa sauti.

"Lakini kwa nini hawapokei?" binti akauliza. "Hawa si watu wako?"

"Hawawezi kupokea. Nimewafundisha." Hata katika shida ile nilisema kwa fahari kidogo. Nikamweleza sheria ya jogoo, nikamweleza na bipu zangu, moja, mbili, tatu, nne.

Akasikiliza vizuri, kama wanavyosikiliza watu waliosoma. Kisha akauliza taratibu, "Na leo umewapigia kila mmoja mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikafika kidole cha nne.

Yeye akachukua simu yake mwenyewe. Akajaribu kwanza kampuni, ingawa wakijua ameingiza mgeni, kibali chake kimekwisha na masomo yamekwisha. Shughuli nyingi. Akajaribu tena na tena. Nikamwambia acha kampuni, piga kwa wakala, namba yako ni ngeni, atapokea. Akapiga mpaka akapata. Akaweka sauti ya juu.

"Haloo! Tajiri ame..."

"Dada, mwambie Tajiri bipu nne nimezipata!" Wakala alikuwa anahema, nyuma yake kuku wanapiga kelele. "Mwambie nimezoa mpaka vifaranga! Niko njiani!"

"Hapana, sikiliza..."

Amekata. Watu wetu wakati ule hawakuzoea kuongea kwenye simu. Mtu akishasema lake, anakata, anaona ameokoa fedha za watu. Binti akapiga tena, akajaribu na mwenye kenta, na njia haikupatikana tena.

Baada ya hapo nilikaa chini nikaegemea mguu wa mnara. Sina la kupamba hapa. Saa nane ilipita. Mwenye kenta alizunguka gari, akanunua soda, akainywa polepole kama mtu anayengoja kwa moyo safi. Nikapeperusha koti juu ya seng'enge, na fedha zikiwa ndani yake. Nani aangalie kilimani siku ya mnada? Alasiri ng'ombe wakaanza kuswagwa kurudi makwao, mnada unavunjika. Nikamwona amesimama, anaangalia barabara upande huu na upande ule. Akapanda. Kenta likatoa moshi kidogo, likashika barabara ya Singida mjini, likawa dogo, likawa bluu tu, likaisha.

Na katika njia zote zinazoingia Shelui, nikaanza kuona baiskeli. Moja kutoka upande huu, mbili kutoka kule, matenga yamepandana mpaka mwendeshaji haonekani. Zote zinaelekea kwangu.

Binti alikuwa amekaa karibu yangu, kompyuta ameifunga. "Pole, mzee," akasema.

"Pole ya nini? Mimi hakuna jambo la kunishangaza."

Hakucheka. Akanipa maji yake yaliyobaki, nusu chupa, nikanywa yote, na baadaye tu nikagundua naye hakuwa amekunywa.

Mlinzi alirudi jua limeshuka, macho mekundu kwa pombe ya mtama, anamvuta beberu kwa kamba. "Tajiri! Bado upo? Nilidhani umeshaondoka."

"Niondoke vipi, bwege wewe, ufunguo unao!"

Akautazama ufunguo mkononi, akamtazama na beberu, kana kwamba beberu ndiye angejibu. "Kweli," akasema.

Nyumbani sikuweza kuingia kwa mlango. Uani kuku, barazani kuku, juu ya paa la choo kuku. Mawakala wamekaa kwenye kigogo, wanajipepea kwa kofia, wanatabasamu, wanangoja sifa.

"Tajiri, bipu nne hata sikukuu hakuna!" akasema mmoja. "Tukajua umepata oda ya Serikali!"

Mke wangu akatoka jikoni, upawa mkononi. "Na wageni wako wako wapi? Umenibipu mpaka nikapoteza hesabu. Nimeazima sufuria ya msikitini. Wali huo, unanuka mpaka barabarani. Wageni wapi?"

Nikamwonyesha kuku. Akaniangalia, akamwangalia binti wa watu nyuma yangu na vumbi lake, akaiangalia suruali yangu. "Geuka," akasema. Nikageuka. Akarudi jikoni, na nilimsikia anacheka huko, anacheka mpaka anakohoa.

Tulikula wali ule wote, mawakala, binti, mlinzi na hata beberu alipata maganda. Nilimwambia binti achukue jogoo wake. "Chukua kumi," nikamwambia. Alichukua mmoja. Asubuhi alipanda naye basi, amemkumbatia kama mtoto, na kondakta akamtoza nauli ya mzigo.

Mtu atauliza, kwa nini sikuwaambia mawakala warudishe kuku? Huyo hajui biashara. Kuku wale walichukuliwa mali kauli kwa wajane, kwa wazee, kwa akina mama wa vijiji vyote, na kilichochukuliwa hakikuwa kuku, kilikuwa jina langu. Ukirudisha kuku siku moja, siku ya pili hakuna mwanamke Iramba nzima atakayekupa hata yai kwa maneno. Nilikuwa nimetoka kwenye uzio wa seng'enge nikaingia kwenye uzio wa jina, na huu hauna mlinzi wa kurudi na ufunguo. Nikachana mfuko wa koti pale pale barazani, mbele ya mke wangu, nikawahesabia mawakala wakawalipe watu. Siku ya pili akaja wa Sepuka, amefunga matenga juu ya basi, anapunga mkono kutoka dirishani. Naye nikamlipa.

Halafu wasafirishwe na nini? Kenta halipo. Malori ya watu yamejaa vitunguu. Na kuku wa vijiji mbalimbali wakirundikana uani, ugonjwa wa mdondo haubishi hodi. Walianza kuinamisha vichwa, kinyesi cha kijani, asubuhi unakuta wamelala kama matambara. Waliokuwa wazima niliwauza kwa abiria wa mabasi kwa bei ya kutupa.

Mwenye kenta nilikutana naye baadaye kwenye kituo kile kile cha mafuta. Hakuwa na kinyongo. "Niliiona bipu yako," akaniambia. "Nikasema huyu yuko njiani, ananibipu kama kawaida yake. Nikakungoja mpaka nikaona aibu. Ungepiga kweli ningepokea." Nami nilipiga kweli.

Binti alimaliza chuo. Alinipigia siku moja kuniambia, nikapokea, tukaongea mpaka salio lake likaisha. Alisema katika karatasi zake ameandika kwamba mnara ukipewa njia nyingi bila kuangalia desturi za watu, watu watazijaza zote kwa kubipu. Alisema pia ameiweka ile akiba ya njia. Nikamwambia najua, niliamua mimi. Kampuni nayo ikaja kuongeza njia pale kilimani, na kokoto za msingi mpya niliuza mimi.

Kenta nililinunua baadaye sana, jeupe, si la bluu. Na sheria ya jogoo niliifuta siku ile ile, kabla wali haujapoa. Wakala akiona namba yangu anapokea, hata kama yuko msalani.

Nilikaa na mke wangu tukapiga hesabu. Simu ilinigharimu nini siku ile? Sifuri. Hakuna aliyepokea, salio langu lilikuwa pale pale, halijaguswa hata senti, nikamwonyesha kwenye kioo. "Hongera," akasema, "sasa soma na kuku." Tukatoa waliouzwa kwenye mabasi, tukatoa tuliokula, tukatoa yule wa binti kwa sababu huyo nilikuwa nimeshindwa kihalali. Ikabaki hasara ya shilingi milioni moja, laki tatu, themanini na sita elfu, mia nne na hamsini.